Mtihani Unaojibika Bila Kuelewa: Barua ya Wazi kwa Baraza la Mitihani la Tanzania

Kwa Katibu Mtendaji na wajumbe wa Baraza,

Kila mwaka, tangu mitihani ya moko hadi Novemba, shule nyingi za sekondari nchini huacha kufundisha Kiingereza cha kidato cha nne na kuanza kukifanyia mazoezi. Vitabu vya kiada hufungwa, pepa za miaka iliyopita hutolewa nakala, makambi hufunguliwa, na mwanafunzi hushinda akigeuza sentensi za kutenda kuwa za kutendwa, akijaza mapengo, na akijibu maswali chini ya vifungu vifupi ambavyo hatavirudia tena maishani. Darasa la saba huanza mapema zaidi, maana mtihani wao ni Septemba. Nawaandikia kwa sababu naamini kwamba mazoezi haya, jinsi yanavyofanyika, hayamfundishi mtoto kusoma Kiingereza wala kukiandika, na kwamba ninyi mna uwezo wa kuyabadilisha kuliko wizara, kuliko mwalimu, na kuliko mzazi anayelipa tuisheni. Mwalimu anayekesha na pepa za zamani si mvivu. Amepiga hesabu na hesabu yake ni sahihi: anafundisha kile mtakachouliza. Hoja yangu basi ni moja tu. Mtihani ukitungwa hivi kwamba njia fupi ya kuufaulu ni kusoma vitabu vingi, watoto watasoma vitabu vingi. Ukiendelea kutungwa hivi kwamba unajibika bila kuelewa, hakuna waraka utakaowafanya wasome.

Nasema unajibika bila kuelewa, na hiyo si tashtiti. Tazameni sentensi hii, niliyoitunga kwa maneno ambayo hamtayakuta katika kamusi yoyote: "Mafyondo mawili yalizipisua njweche zote kabla mzudu haujachugunda." Hakuna ajuaye fyondo ni mdudu au ni chombo, wala kupisua ni kuosha au kuiba. Hata hivyo niulizeni maswali. Mafyondo yalikuwa mangapi? Mawili. Yalipisua nini? Njweche zote. Yalizipisua lini? Kabla mzudu haujachugunda. Nimepata tatu kwa tatu, na sina habari hata kidogo ya kilichotokea. Upatanisho wa ngeli na mpangilio wa maneno vimenifanyia kazi yote. Mtoto wa kidato cha nne aliyefundishwa mbinu za mtihani hufanya jambo hilohilo kwa Kiingereza: husoma swali kwanza, huchukua neno moja zito kutoka humo, hulisaka katika kifungu, kisha hunakili sentensi nzima linamopatikana. Akibahatisha vizuri hupata alama. Akibahatisha vibaya, anakuwa amenakili sentensi isiyohusiana na swali, nanyi mnalalamika. Taarifa zenu za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, ambazo mnastahili sifa kwa kuzichapisha, hutaja mambo hayohayo tena na tena: watahiniwa walinakili vipande vya kifungu pasipo kuelewa swali, walishindwa kufupisha kwa maneno yao wenyewe, na wengine walijibu kwa Kiswahili. Taarifa husema watahiniwa hawana umahiri wa lugha, na ni kweli. Ila mimi naona humo pia alama za mafunzo. Kunakili si kosa la bahati mbaya. Ni ufundi uliofundishwa kwa miezi, kwa sababu mara nyingi umelipa.

Tatizo la msingi ni imani kwamba ufahamu ni ustadi unaojitegemea, ambao mtu huupata kwa kujibu maswali ya ufahamu mengi iwezekanavyo. Utafiti wa lugha hauungi mkono imani hiyo. Kazi za wataalamu wa msamiati, hasa Paul Nation wa New Zealand na wenzake, zimeonyesha kwamba ili msomaji aelewe matini bila msaada anahitaji kuyajua maneno yapatayo 98 katika kila 100. Fanyeni hesabu. Katika kifungu cha maneno 300, mwenye kiwango hicho atakutana na maneno 6 asiyoyajua, na anaweza kuyakisia kutokana na yale mengine. Anayejua maneno 80 katika 100 atakutana na mageni 60. Katika kila sentensi ya maneno 15, matatu ni giza, na kwa kawaida hayo matatu ndiyo yaliyobeba habari. Hakuna mbinu ya kusoma swali kwanza itakayojaza shimo hilo. Juu ya msamiati kuna maarifa ya jambo lenyewe. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie, watafiti wa Marekani, waliwapa vijana wa shule kifungu kuhusu mchezo wa besiboli. Waliokuwa wasomaji dhaifu lakini wanaujua mchezo walikikumbuka na kukieleza vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Kusoma vizuri, kwa kiasi kikubwa, ni kujua mambo mengi na maneno mengi. Yote mawili hupatikana kwa wingi wa kusoma, na wingi ndio unaokosekana katika mazoezi ya pepa. Mwanafunzi akifanya vifungu 40 vyenye maneno 250 kila kimoja, amesoma maneno 10,000. Hicho ni kiasi cha kitabu kimoja chembamba cha hadithi. Amemaliza kambi nzima na hajavuka kitabu kimoja, tena amekisoma vipandevipande, kila kipande na mada yake, bila neno lolote jipya kujirudia mara za kutosha kukaa kichwani.

Kwamba wingi wa kusoma unafanya kazi hata katika shule maskini si jambo la kukisia. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vya Kiingereza katika shule za msingi za vijijini nchini Fiji, ambako watoto walikuwa wakikutana na Kiingereza shuleni tu. Kila darasa lilipata vitabu vipatavyo 250 vyenye picha na hadithi za kuvutia, na walimu wakawasomea watoto au wakawaacha wasome wenyewe kimya. Madarasa mengine ya kulinganishia yaliendelea na mazoezi ya kawaida ya miundo ya sentensi. Baada ya mwaka wa kwanza, watoto wa vitabu walikuwa wamesonga mbele katika kusoma na kusikiliza kwa kasi ya takribani mara mbili ya kawaida. Baada ya mwaka wa pili faida ikawa imeenea hadi kwenye kuandika na sarufi, ambavyo havikuwa vimefanyiwa mazoezi maalumu. Jambo hili la pili ndilo linalopaswa kuwasimamisha watunzi wa mitihani. Waliosoma hadithi waliishia kuwapita katika sarufi wale waliokuwa wakiifanyia mazoezi sarufi yenyewe.

Nasi tuliwahi kufika hapo. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd, walioombwa kuchunguza Kiingereza katika shule zetu, walikadiria kwamba ni kama asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne waliokuwa na kiwango ambacho mtu angetarajia elimu kwa Kiingereza ianze. Yaani mwisho wa safari wengine wote walikuwa hawajafika mwanzoni. Dawa iliyofuata, kwa fedha za Uingereza, ilikuwa mradi wa kuunga mkono ufundishaji wa Kiingereza ulioanza mwaka 1987, na moyo wake ulikuwa kupeleka sekondari vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa viwango ili wanafunzi wasome kwa wingi. Utambuzi ule ulikuwa sahihi. Lakini mradi una mwisho, na mtihani hauna. Mwaka 2010, tathmini ya kujifunza iitwayo Uwezo ilikuta kwamba karibu nusu ya watoto wanaomaliza shule ya msingi hawawezi kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili. Hao ndio wanaoingia kidato cha kwanza na kukabidhiwa kitabu cha bailojia kilichoandikwa kwa Kiingereza. (Kama ni sahihi kuwafundisha bailojia kwa Kiingereza ni swali ambalo tume ya elimu iliyoongozwa na Makweta ililijibu mwanzoni mwa miaka ya 1980 na serikali ikaliweka kando. Si lenu kuliamua, kwa hiyo naliacha.)

Sasa sarufi, ambayo pepa zetu zimezoea kuipima kwa njia moja: sentensi iliyosimama peke yake. Mtahiniwa hupewa sentensi na kuambiwa aiandike upya akianza na neno fulani, au aunganishe mbili kwa "so...that" badala ya "too...to", au achague kati ya njeo nne. Sisemi kwamba kufundisha kanuni waziwazi ni kupoteza muda. John Norris na Lourdes Ortega walikusanya tafiti nyingi mwaka 2000 na kuona kwamba mafunzo ya wazi ya sarufi yanasaidia. Ila waliona pia kwamba tafiti nyingi kati ya hizo zilipima faida kwa majaribio yanayofanana na mazoezi yenyewe, badala ya kuangalia kama mtu anaitumia sarufi anapozungumza au kuandika kwa uhuru. Sentensi moja isiyo na jirani haiwezi kupima kile kilicho kigumu katika sarufi ya Kiingereza kwa Mswahili. Ugumu wa "a" na "the" ni kujua kama msomaji ameshakitambua kitu kinachotajwa, na hilo hujulikana kwa kilichosemwa aya iliyotangulia. Ugumu wa kuchagua kati ya njeo mbili za mambo yaliyopita ni kujua mwandishi anasimama wapi kuyatazama. Mkiikata sentensi kutoka katika habari yake, mnalazimika kuweka kidokezo ili jibu liwe moja, na kidokezo ndicho kinachokaririwa. Akiona "yesterday" anaandika njeo hii; akiona "since" anaandika ile. Katika pepa amepata, lakini katika insha yake ya ukurasa mmoja, ambako hakuna aliyemwekea kidokezo, njeo zinapigana ngumi kutoka sentensi ya kwanza hadi ya mwisho. Walimu wanaosahihisha insha hizo wanalijua hili kuliko mimi. Mwanafunzi hana kosa la kutojua kanuni. Kanuni anaijua, anaweza kuisema hata kwa Kiswahili. Hajaiona ikifanya kazi mara za kutosha ndani ya habari iliyoungana.

Nitajibiwa kwamba kujipima kunasaidia kujifunza, na kwamba sayansi yenyewe inasema hivyo. Ni kweli, na hoja hii inastahili jibu zito, kwa sababu ndiyo ngao ya kila mwenye kituo cha tuisheni. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliosoma matini kisha wakajipima kwa kukumbuka walikumbuka mengi zaidi baada ya wiki kuliko waliorudia kuisoma tu. Lakini angalieni walichokumbuka: ni matini ileile waliyojipima nayo. Kujipima huimarisha kilichokwisha kuingia. Kwa tarehe za historia, kanuni za kemia, orodha ya maneno, au vitenzi visivyofuata kanuni, mazoezi ya namna hiyo ni mazuri, na natamani shule ziyafanye kila wiki kwa mwaka mzima badala ya kuyalundika katika wiki nane za mwisho. Kifungu cha ufahamu ni jambo jingine, kwa sababu kile cha mwaka jana hakitarudi mwaka huu. Kinachobaki mkononi baada ya kukifanyia mazoezi ni umbo la swali, na umbo la swali hujulikana baada ya pepa tatu au nne. Pepa hizo tatu au nne sizipingi. Mtahiniwa ana haki ya kuijua sura ya mtihani wake, agawe muda, asishtuke. Pepa ya 15 haimwongezei chochote ambacho ya nne haikumpa, isipokuwa kama mwalimu anakaa naye kuchambua kwa nini jibu fulani si sahihi. Na huo uchambuzi ndio unaokosekana zaidi, maana vitabu vya maswali na majibu vinavyouzwa mitaani hutoa herufi ya jibu bila sababu, na si mara zote herufi yenyewe ni sahihi.

Jambo moja katika hili linaniudhi kuliko mengine, nami sitalificha. Mtoto mwenye rafu ya vitabu nyumbani, au aliyesoma shule ya mchepuo wa Kiingereza ambako husoma kila siku, hahitaji kambi. Atafaulu mtihani wa muundo wowote. Mbinu za kubahatisha zinauzwa kwa mtoto wa shule ya kata, kwa fedha za mzazi asiye nazo, na zinamsogeza alama chache tu juu huku zikimwachia Kiingereza kilekile alichokuja nacho. Akifika kidato cha tano na kukutana na kitabu kizima, mbinu zinaishia mlangoni.

Pingamizi la pili ni la gharama na haki. Watahiniwa wa kidato cha nne wanazidi nusu milioni kwa mwaka, na wa darasa la saba wanazidi milioni moja. Maswali ya kufikiri ni magumu kusahihisha kwa usawa, ilhali herufi inayowekwa kivuli na kusomwa na mashine haina upendeleo. Nalikubali nusu yake. Kwa darasa la saba, mashine na ibaki. Ila swali la kuchagua si lazima liwe swali la kusaka neno. Kazi yote iko katika vipotoshi, yaani majibu yasiyo sahihi yanayowekwa pamoja na lile sahihi. Vipotoshi vikitungwa kwa maneno yaliyonyofolewa kutoka kwenye kifungu, na jibu sahihi likaandikwa kwa maneno ambayo hayamo katika kifungu, mtoto anayesaka atanaswa na aliyeelewa atapita, na mashine itasahihisha kwa bei ileile. Kwa kidato cha nne, tayari mnasahihisha kwa mkono ufupisho, barua, insha na maswali ya vitabu vya fasihi. Ninachoomba hakiongezi idadi ya karatasi. Kinabadilisha kilichoandikwa juu yake. Badala ya sentensi kumi zisizojuana, wekeni aya mbili za habari moja zenye mapengo ambayo hayajazwi mpaka msomaji ajue habari inakokwenda, na aya nyingine yenye makosa ya kawaida ya mwanafunzi wa Kitanzania ambayo mtahiniwa ayatafute na kuyasahihisha. Badala ya kifungu kimoja kifupi, wekeni viwili au vitatu virefu vya aina mbalimbali: hadithi, tangazo, habari ya gazeti, na ukurasa wa jiografia au bailojia kama ule anaosomeshwa kila siku. Maana kama kuna sababu ya mtoto wa kidato cha nne kupimwa ufahamu wa Kiingereza, ya kwanza ni kwamba karibu masomo yake mengine yote, ukiondoa Kiswahili, yameandikwa kwa lugha hiyo.

Kuna pendekezo moja ambalo litawafanya wengine waitupe barua hii, nalo ni kwamba baadhi ya maswali ya ufahamu yaruhusiwe kujibiwa kwa Kiswahili. Nasikia tayari kelele: huo ni mtihani wa Kiingereza! Ndiyo, lakini sehemu ile inapima kusoma, na mtahiniwa aliyekielewa kifungu akashindwa kuunda sentensi ya jibu anapata sifuri sawasawa na ambaye hakuelewa lolote. Mnapoteza habari ambayo mwalimu angeihitaji sana: je, huyu hakusoma, au hakuweza kuandika? Kunakili nako hustawi hapo hapo, kwa sababu kunakili ndiyo njia pekee iliyobaki kwa asiyeweza kuunda sentensi. Mkimwambia ajibu kwa Kiswahili, kunakili kunakufa siku hiyohiyo. Hawezi kunakili kutoka lugha moja hadi nyingine bila kuelewa. Uingereza, katika mitihani yao ya sekondari ya Kifaransa na lugha nyingine za kigeni, wamekuwa wakiuliza sehemu ya maswali ya kusoma kwa Kiingereza na kupokea majibu kwa Kiingereza, na hakuna aliyesema Kifaransa kimedharauliwa. Ustadi wa kuandika utapimwa mahali pake, katika barua na insha, ambako sarufi ipewe alama nyingi zaidi ya sasa. Wale waliojibu kwa Kiswahili bila kuruhusiwa, ambao taarifa zenu huwataja kama kielelezo cha kushindwa, huenda baadhi yao walikuwa wameelewa.

Pingamizi zito kuliko yote halitoki kwenu wala kwa walimu. Linatoka kwa watafiti wa mitihani. Mwaka 1988 Sri Lanka ilianzisha mtihani mpya wa Kiingereza wa sekondari, uliotungwa makusudi ili kuwasukuma walimu wafundishe kusoma na kuandika kwa matumizi halisi. Dianne Wall na Charles Alderson waliufuatilia madarasani, na mwaka 1993 wakaeleza walichokiona: mtihani ulibadilisha walimu walifundisha nini, lakini haukubadilisha walifundisha vipi. Walichokuwa hawaelewi kabla yake, hawakukielewa baada yake. Kwa hiyo, mtu atasema, mkibadilisha mtihani walimu watatunga tu pepa za mazoezi za muundo mpya, na makambi yataendelea. Nadhani watafanya hivyo, angalau miaka ya mwanzo. Hata hivyo nusu ya kwanza ya matokeo ya Sri Lanka ni ushindi ambao siudharau. Kama walimu watafuata kilichomo katika mtihani, na mtihani una kurasa ndefu za habari halisi, hata kambi baya kabisa litawasomesha watoto maneno mengi kuliko la sasa. Nusu ya pili nayo inatuonyesha pa kuongeza nguvu, na hapo mna chombo ambacho hakuna taasisi nyingine ya elimu nchini inacho. Kila mwaka mnawakusanya walimu kwa maelfu katika vituo vya kusahihisha. Kwa siku kadhaa wanasoma majibu, wanajadili mwongozo wa alama, wanabishana juu ya jibu lipi lipate nusu. Hiyo ni semina kubwa kuliko zote za walimu wa Kiingereza, na inafanyika kila mwaka bila kuitwa semina. Siku mbili zake zikitumika kuonyesha majibu ya wanafunzi yanatoka wapi na mwalimu afanye nini darasani Januari, mtakuwa mmefanya kile ambacho Sri Lanka walikikosa.

Vitabu je? Nitaambiwa shule hazina, na kwamba mtihani unaotaka usomaji mpana utawaadhibu wasio na maktaba. Lakini mtihani wa sasa unawaadhibu vilevile, kimyakimya. Vitabu vinavyohitajika si ghali kama maabara. Hadithi fupi za Kiingereza chepesi zilizoandikwa na Watanzania zipo, za Richard Mabala zikiwa miongoni mwa zinazojulikana zaidi kwa wanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili, na Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 umethibitisha kwamba wachapishaji wa hapa wanaweza kuzalisha vitabu vya kusomwa kwa raha pale soko linapokuwapo. Soko hilo mnalishika ninyi. Leo mkuu wa shule mwenye fedha kidogo hununua vitabu vya maswali na majibu, kwa kuwa ndivyo vinavyofanana na mtihani. Mtihani ukifanana na kitabu, atanunua vitabu. Hata vile vichache vya fasihi vilivyoteuliwa kwa kidato cha tatu na cha nne sasa husomwa kwa muhtasari: wahusika, dhamira na mistari ya kukariri, yote katika daftari, huku wengi wakifika chumba cha mtihani bila kuvifungua. Swali linaloweka mbele ya mtahiniwa ukurasa mmoja wa kitabu hicho na kumuuliza kinachoendelea hapo lingefichua hilo kwa dakika kumi.

Baraza lenu halikuundwa ili kurithi desturi. Tanzania ilijitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, na Sheria Na. 21 ya 1973 ikawapa mamlaka ya kupima watoto wa nchi hii kwa kadiri ya elimu tunayotaka wapate. Mmebadilisha mengi tangu hapo. Mmeleta mashine za kusahihisha, mkaingia katika mfumo wa wastani wa alama na kurudi katika madaraja ndani ya muda mfupi. Muundo wa pepa moja ya Kiingereza ni mabadiliko madogo kuliko hayo. Mitaala mipya ilianza kutumika Januari 2024, na mtihani utakaopima mitaala hiyo unahitaji muundo wake. Naomba, kabla muundo huo wa Kiingereza haujatangazwa rasmi, mtoe pepa mbili za mfano pamoja na mwongozo wake wa alama na maelezo ya kila swali linapima nini, mzijaribu katika shule za wilaya chache za mjini na kijijini, na mchapishe matokeo yake yakiwa na majibu halisi ya wanafunzi yaliyofichwa majina. Mzitoe angalau miaka miwili kabla ya mtihani wa kwanza, ili watoto wa kidato cha pili watakaohusika wapate muda wa kusoma. Tena yale maelezo myaandike kwa ufupi, kurasa mbili au tatu, kwa Kiswahili, yabandikwe katika vyumba vya walimu. Taarifa ndefu za Kiingereza zinazotoka baada ya matokeo humfikia mwalimu wa kijijini kwa kuchelewa, kama zinamfikia.